Samaki aliyejeruhiwa na wenzake: tiba huanza na maji

Swali la wanaofuga samaki tangini huwa lile lile: samaki wangu kapigwa na wenzake, mkia umechanika, ubavuni magamba yametoka, nimpe dawa gani? Majibu ndiyo hugongana. Mmoja atasema tia chumvi. Wa pili atasema chumvi ya dukani ina madini joto, itamuua, tafuta ile dawa ya buluu. Wa tatu atashauri ufungue kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake tangini, kama watu wanavyoumwaga kwenye vidonda vyao wenyewe. Na hakosi wa nne wa kusema mwache tu, samaki hasikii maumivu. Kila mmoja wao anaye samaki aliyepona kwa njia yake, na ndiyo maana ubishi hauishi. Samaki wengi wenye majeraha madogo hupona wenyewe, kisha sifa huenda kwa chochote kilichotiwa majini siku ile.

Niseme mapema ninachoamini. Kwa samaki aliyeumizwa na wenzake, vitu viwili hufanya sehemu kubwa ya tiba: maji safi, na kutenganishwa na anayempiga. Dawa huja nyuma ya hivyo, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyafunga pamoja. Jeraha ni mwili kuharibika: pezi limeraruka, gamba limeng'oka, jicho limegongwa. Maambukizi ni vijidudu kuingia mahali palipoharibika na kuanza kuzaliana. Msongo ni mwili kukaa kwenye tahadhari muda wote kwa sababu ya kutishwa au kwa sababu ya maji mabaya. Homoni ya kotisoli hupanda, na ikikaa juu kwa muda mrefu kinga ya mwili hushuka. Samaki aliyepigwa leo asubuhi ana jeraha na ana msongo. Maambukizi bado hana. Huenda asiyapate kabisa, au yakaja baada ya siku mbili tatu, na hilo linategemea zaidi maji aliyomo kuliko chupa utakayonunua.

Mwili unaovuja

Wengi hudhani gamba ni koti la nje la samaki. Sivyo. Magamba yamepandwa ndani ya ngozi, na juu yake kuna tabaka jembamba la ngozi hai, kisha juu ya hilo kuna ute. Kwa hiyo unapoona gamba moja limelala chini kwenye changarawe, ngozi tayari imechanika. Ute nao si uchafu. Hunasa vijidudu na umebeba kemikali za kujikinga. Ndiyo maana kumkamata majeruhi kwa neti kavu, au kwa mkono mkavu, ni kumwongezea kidonda: unaukwangua ute pale pale anapouhitaji zaidi. Mwekee bakuli majini, mwelekeze aingie taratibu, umbebe pamoja na maji yake.

Sasa jambo ambalo likishaeleweka, mengine yote hufuata. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvichumvi nyingi kuliko maji anayoishi, karibu sawa na gramu 9 kwa lita. Maji hupenda kuhamia upande wenye chumvi nyingi, kwa hiyo saa zote maji yanapenya kuingia mwilini kupitia matamvua na ngozi. Samaki huyo ni kama ngalawa inayovuja kidogo kidogo, na figo zake ndizo baharia anayefua maji usiku na mchana. Hukojoa mkojo mwepesi na mwingi bila kupumzika. Akichubuliwa ubavu, tundu la ngalawa limepanuka. Maji yanaingia kwa kasi zaidi, chumvi za mwili zinatoka, na figo zinafanya kazi ya ziada wakati ule ule mwili unahitaji nguvu za kuunga kidonda.

Hapo ndipo chumvi inapopata maana yake. Ukitia gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa kila lita ya maji, unapunguza tofauti kati ya damu na maji ya nje, na uvujaji unapungua. Chumvi kwa kiwango hicho haiui vijidudu vilivyokwisha kuingia ndani ya nyama. Inampunguzia samaki mzigo, basi. Ndoo ya lita 20 ya kumtengea majeruhi itahitaji gramu 20 hadi 60. Pima kwa mizani ya jikoni kama unayo, maana vijiko hutofautiana sana, na chumvi ya mawe na ya kusaga hazijai kijiko kwa uzito mmoja. Iyeyushe pembeni kwanza, uiongeze kwa awamu ndani ya saa kadhaa. Na kumbuka kwamba maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki yote. Unapojaziliza maji, usiongeze chumvi nyingine.

Je, madini joto? Kiasi kilichomo kwenye chumvi ya mezani ni kidogo mno kumdhuru samaki kwa vipimo hivi. Hofu hiyo haina msingi. Cha kuangalia ni aina ya samaki: wale wasio na magamba, jamii ya kambare, baadhi yao husemekana huhimili chumvi vibaya, hivyo kwa tahadhari baki kwenye gramu 1 au chini yake. Mimea ya tangini nayo hunyauka, sababu mojawapo ya kutotia chumvi kwenye tangi kuu. Na kama samaki wako ni wa baharini, sahau yote haya. Kwake mambo ni kinyume: maji ndiyo yanayomtoka kwenda baharini, na kuongeza chumvi ni kumkausha.

Kuna dhana nyingine ninayoisikia sana kwa wafugaji wa samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika, kwamba samaki hao "wamezoea chumvi". Maziwa hayo ni ya maji baridi. Maji yake ni magumu kiasi na yana alikali, yaani yamebeba madini kama kalsiamu na magnesiamu na pH yake (kipimo cha uasidi na ualikali wa maji) iko juu. Chumvi ya jikoni ni kitu kingine kabisa.

Kwa nini wanapigana, na kwa nini hawaachi

Mbuna, wale samaki wa rangi kali wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ndio mfano mzuri, kwa sababu ndio wengi wetu tunawafuga na ndio wanaoleta majeruhi wengi. Kwao mwamba ni shamba. Dume hushikilia eneo lake, hula mwani unaoota juu ya jiwe, na hapo ndipo majike huja kutaga. Dume mwingine akikaribia hufukuzwa. Ziwani, anayeshindwa hukimbia, ugomvi unaisha. Tangini anakimbia sentimita 80, anakutana na kioo. Mshindi bado anamwona mbele yake, na kwa akili ya mbuna asiyeondoka anaendelea kudai eneo. Basi kipigo kinaendelea mpaka mnyonge anajibanza juu kwenye kona nyuma ya hita, mapezi yamekunjwa, rangi imefifia, mkia umebaki vijiti.

Samaki pia hutambuana kwa hadhi. Katika Ziwa Tanganyika na vijito vinavyoingia humo yuko samaki anayeitwa kitaalamu Astatotilapia burtoni, ambaye mwanasayansi Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford alimchunguza kwa miaka mingi. Madume wenye eneo huwa na rangi angavu na mstari mweusi usoni. Wasio na eneo hupauka na kufanana na majike. Ukimwondoa mbabe, aliye chini yake huanza kubadilika rangi ndani ya dakika chache. Mwaka 2007 Fernald na wenzake walionyesha jambo la ajabu zaidi: dume aliyewatazama wenzake wakipigana wawili wawili aliweza kubaini nani ni dhaifu kuliko nani, hata kwa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana.

Hili lina maana kubwa kwetu. Kipigo cha jana hakikuonwa na mpigaji peke yake. Tangi zima linajua nani kashuka. Ndiyo maana samaki aliyeraruliwa na mmoja leo, kesho hudonolewa na watatu, na ndiyo maana kumwacha "wazoeane" hugeuka hukumu ya kifo. Mtoe siku ile ile unapoona jeraha.

Na wanaosema hasikii maumivu? Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uingereza walithibitisha kwamba samaki aina ya trauti wana neva za kupokea maumivu kichwani na kuzunguka mdomo. Trauti waliodungwa asidi mdomoni walisugua midomo yao kwenye changarawe, walipumua kwa kasi na walikawia kurudi kula. Kwangu hilo linatosha kuchukulia kidonda cha samaki kuwa ni kidonda.

Chumba cha wagonjwa

Huhitaji kununua tangi jipya. Beseni au ndoo kubwa ya plastiki ya lita 20 hadi 40, isiyowahi kuwekewa sabuni wala dawa ya kufulia, inamtosha samaki wa ukubwa wa kidole hadi kiganja. Nusu ya maji itoke tangi kuu ili asishtuke. Joto liwe lile lile alilotoka nalo; kwa samaki wengi wa kitropiki ni kati ya nyuzi 24 na 28. Weka pampu ya hewa. Weka kipande cha bomba la plastiki au chungu kidogo cha maua apate pa kujificha, kwa sababu samaki asiye na maficho anaendelea kuwa na msongo hata akiwa peke yake. Changarawe usiweke, chini pakiwa patupu utaona kinyesi na chakula kilichobaki na kukitoa. Funika juu, maana samaki mwenye hofu huruka. Taa zima.

Hatari kubwa ya chumba hiki ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua kila anapopumua, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huitoa pia. Kwenye tangi la zamani kuna bakteria wema wanaoishi kwenye sponji ya chujio ambao huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Ndoo mpya haina bakteria hao, kwa hiyo amonia inajaa na kuunguza matamvua na kile kidonda ulichotaka kipone. Nadhani majeruhi wengi huuawa na ndoo ya hospitali kuliko na meno ya mwenzao.

Kwa wenye mbuna na samaki wa Tanganyika hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu ukali wa amonia hufuata pH. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9, inayokaribiana na ya Ziwa Tanganyika lenyewe, huzidi theluthi moja.

Kinga yake ni rahisi. Hamisha kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la tangi kuu, bila kukiosha kwa maji ya bomba. Kisha badilisha theluthi moja ya maji kila siku, ukirudishia chumvi kwa kiasi cha maji uliyoyatoa tu. Maji ya bomba la mjini yana klorini. Yakikaa wazi kwenye ndoo saa 24, bora zaidi yakipigwa hewa, klorini hupotea. Lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini haitapotea kwa kukaa, na utahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Siku ya kwanza usimlishe. Baadaye mpe punje chache tu, na toa kilichobaki baada ya dakika tano.

Kusoma kidonda

Kila asubuhi mtazame ukiwa na tochi ubavuni mwa ndoo, si juu yake. Pezi linalopona hutoa ukingo mwembamba unaopenya mwanga, hauna rangi kabisa, na vijiti vyake vipya ni laini kuliko vya zamani. Wengi huuona ukingo huo mweupe-mweupe wakadhani ni kuoza, wakakimbilia dawa. Rangi huja mwisho. Pezi linalooza hufanya kinyume: kila siku linakuwa fupi kuliko jana, na ukingo wake ni mwekundu au una utando wa kijivu.

Samaki wana uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Samaki mdogo mwenye mistari anayetumika sana maabara, Danio rerio, huotesha tena mkia uliokatwa kwa muda wa wiki mbili hivi kwenye nyuzi 28. Mbuna aliyekomaa huchukua muda mrefu zaidi, lakini mradi shina la pezi limesalia, pezi hurudi, huenda likawa limepinda kidogo. Likiliwa hadi kwenye nyama, huenda lisirudi. Magamba huota tena. Jicho lililotoboka halioti, ila samaki mwenye jicho moja huishi, hula na huzaa vizuri tu, akipewa wenzake wapole.

Ukiona pamba nyeupe juu ya kidonda, tulia kabla ya kununua. Kuna vitu viwili vinavyofanana. Kimoja ni ukungu wa maji, Saprolegnia, wenye nyuzi ndefu zinazopepea, ambao hupenda nyama iliyokufa na huenea polepole. Huu ndio ambao dawa ya buluu, methilini buluu, husaidia. Kingine ni bakteria anayeitwa Flavobacterium columnare. Utando wake ni mfupi, wa kijivu au manjano, hupenda mdomoni na mgongoni, na anaweza kumuua samaki kwa siku mbili. Methilini buluu si dawa ya kutegemea hapo, anahitaji antibiotiki. Jambo la kushika: bakteria huyu hushamiri kwenye maji ya moto, kwa hiyo ushauri wa "pandisha hita apone haraka" unaweza kumharakishia kifo. Maji ya moto pia hubeba oksijeni kidogo. Acha joto lilivyo.

Methilini buluu usiitie tangi kuu. Inawaathiri wale bakteria wema na inapaka rangi kila kitu. Na kidonge cha rangi mbili? Mara nyingi ni tetrasaikilini, antibiotiki ambayo hushikana na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo kwenye maji magumu ya mbuna sehemu kubwa ya dawa inakuwa imefungwa kabla haijamfikia samaki. Kipimo cha kubahatisha hakiponyi, kinafundisha bakteria usugu, na maji hayo unayamwaga kwenye mtaro wa mtaani kwako. Maambukizi yakiwa dhahiri, mwone daktari wa mifugo, hata kama kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na kuku. Atakupa dawa na kipimo chenye hesabu.

Dalili mbaya kuliko zote ni tumbo kujaa na magamba kusimama mwili mzima. Figo zimeshindwa, ngalawa imejaa maji. Wachache mno hurudi kutoka hapo. Kama samaki amefikia hatua hiyo, au amelala ubavu siku kadhaa bila kula, kumkatizia mateso ni sehemu ya kumtunza. Mafuta ya karafuu, yanayopatikana kwa urahisi kwetu kwa sababu ya Pemba na Unguja, yana yujenoli ambayo humlaza samaki usingizi. Tikisa karibu nusu mililita kwa kila lita ya maji ndani ya chupa mpaka yawe meupe, mimina, mweke samaki. Atalala kwanza. Mwache humo angalau dakika 10 baada ya matamvua kuacha kabisa kutikisika, kwa sababu kiasi kidogo au muda mfupi humlaza tu, kisha akaamka. Kumtupa chooni akiwa hai, au kumweka kwenye friza, ni ukatili.

Kumrudisha

Aliyepona asirudishwe kwenye tangi lile lile likiwa vile vile. Atakuta mwenye eneo lake yupo na hadhi yake haijabadilika. Siku ya kumrudisha, toa mawe yote uyapange upya, ili kila mmoja aanze kutafuta pake. Lisha wote kwanza, zima taa, ndipo umwachie. Kama mpigaji anajulikana, mtoe yeye wiki moja kabla. Wakati hayupo eneo lake litachukuliwa, na akirudi atakuwa mgeni. Kwa mbuna, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi hutawanya fujo, na tangi lililojaa kiasi, lenye chujio la nguvu, huwa na amani kuliko lenye samaki wanne ambamo mbabe ana mtu mmoja tu wa kumwandama.

Kaa umtazame saa ya kwanza baada ya taa kuwashwa asubuhi. Kufukuzwa mara moja moja ni kawaida. Kufukuzwa bila kuachiwa ale ni ishara ya kumtoa tena, na safari hii utafute suluhisho la kudumu: mpigaji aende kwa mfugaji mwingine au arudi dukani. Asiende mtoni wala bwawani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka baadaye. Samaki wa tangi akimwagwa kwenye maji yasiyo yake anaweza kuleta ugonjwa au ushindani ambao hakuna atakayeweza kuuondoa.